Bajeti ya mishahara: Tunawafundisha vijana wetu kazi, kisha wengine wanawachukua

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mhasibu wa kampuni ndogo ya kutoa mizigo bandarini hapa Mombasa. Tulikuwa na karani mmoja kijana, mzaliwa wa hapa hapa, aliyeanza kama tarishi wa kupeleka makaratasi Kilindini. Kampuni ilimfundisha, akapata cheti cha uwakala wa forodha, na baada ya miaka minne hakuna mzigo uliokwama ambao yeye hakujua pa kuanzia.

Mwezi wa Novemba aliomba aongezwe shilingi 6,000. Mzee mwenye kampuni akamwambia asubiri Januari. Januari ikafika, na kila mtu ofisini akaongezwa asilimia 5, yeye pamoja na wengine. Mwezi wa Machi akaja na barua mkononi.

"Ami," akaniambia, "mimi sikutaka kuondoka. Nimeambiwa nisubiri, nikasubiri. Huko ninakokwenda wananiongeza elfu nane."

Wiki tatu nafasi yake ilikaa wazi. Makontena mawili ya mteja yalipitisha siku za bure bandarini, na gharama ya kuyahifadhi, inayohesabiwa kwa dola kila siku, ikawa mzozo kati yetu na mteja. Karani mpya tuliyempata hakukubali kuja mpaka alipopewa shilingi 10,000 zaidi ya yule aliyeondoka. Makarani wengine walipopata habari, na habari za mshahara hazifichiki, wawili wakaja kuuliza: je, sisi tuliokaa hapa miaka yote tumekosa nini?

Mzee hakuwa bahili. Alikuwa mtu wa kusaidia watu, ada za shule na gharama za hospitali. Kosa lilikuwa katika karatasi niliyomtayarishia mimi mwenyewe. Bajeti yangu ya mishahara ilikuwa mstari mmoja: mishahara ya mwaka jana, jumlisha asilimia 5. Tulikataa kutoa shilingi 72,000 kwa mwaka, kisha tukatoa 120,000 kwa mtu tusiyemjua, bila kuhesabu makontena. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta ule tuliujenga kwa pesa zetu.

Naandika haya kwa sababu biashara nyingi za Pwani bado zinapanga mishahara kwa mstari huo mmoja. Hoteli ndogo Diani, duka la jumla Malindi, shule ya kibinafsi Kilifi, gereji Changamwe. Kila mwaka tunalalamika kwamba vijana wanakimbilia Nairobi na Ghuba. Tulitazame jambo hili kwa hesabu.

Kwanza, jua mfanyikazi anakugharimu kiasi gani

Waajiri wengi ukiwauliza mshahara wa mtu watakutajia ule wa kwenye mkataba. Hiyo siyo gharama yako, na wala siyo pesa anayopeleka nyumbani.

Tuchukue mtu wa shilingi 50,000 kwa mwezi, marupurupu ya nyumba yakiwa ndani. Mwajiri hulipa juu yake asilimia 6 ya NSSF, yaani 3,000; asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, yaani 750. Na shilingi 50 za NITA. Gharama yako ni 53,800.

Upande wake, anakatwa NSSF 3,000, bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75 ambayo ni 1,375, na ushuru wa nyumba 750. Tangu mwisho wa Desemba 2024 makato haya matatu huondolewa kabla ya kupiga hesabu ya kodi ya mapato, kwa hivyo anatozwa kodi kwa 44,875. Baada ya nafuu ya 2,400 kwa mwezi, kodi inabaki karibu 5,846. Anapokea mkononi shilingi 39,029.

Wewe umetoa 53,800, yeye amepata 39,029. Kila mmoja wenu anaamini yeye ndiye anayeumia, na kwa namna fulani nyote mna haki.

Hesabu ya nyongeza ni nzito zaidi. Ukimwongeza mtu huyo 5,000, mkononi ataona 3,141, na wewe utatoa 5,375. Kwa maneno mengine, katika kila shilingi 100 za nyongeza unazotoa, yeye anaziona 58 tu. Ndiyo maana mwajiri anasema "nimemwongeza vizuri" na mfanyikazi anasema "sijaona kitu." Pia ndiyo maana kazi za Dubai na Doha zinavuta watu: kule mshahara hautozwi kodi ya mapato, na mpishi wa Watamu hulinganisha pesa ya mkononi kwa pesa ya mkononi.

Gharama inaweza kupanda hata usipomwongeza mtu

Hili liliwashtua wengi. Mfanyikazi wa shilingi 100,000 mnamo Januari 2023 alimgharimu mwajiri NSSF ya shilingi 200 tu. Februari 2023 viwango vya sheria mpya vilipoanza, ikawa 1,080. Februari 2024 ikawa 2,160. Februari 2025 ikawa 4,320. Tangu Machi 2024, chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, juu yake pana 1,500. Kwa mtu mmoja, mwajiri alitoka shilingi 200 hadi 5,820 kwa mwezi bila kutoa nyongeza hata ya senti.

Na mfanyikazi naye aliona mshahara wake ukipungua. Alikatwa NSSF ile ile, ushuru wa nyumba ule ule, na mnamo Oktoba 2024 makato yake ya afya yakatoka 1,700 ya NHIF hadi 2,750 ya SHIF. Mtu mwenye mkopo wa Sacco aliyejipangia mpaka shilingi ya mwisho alijikuta hana nauli.

Kwa hivyo mstari wa kwanza wa bajeti ni kuorodhesha kila mtu, mshahara wake, na kila kitu unachokilipia juu yake, kwa viwango vya mwaka unaokuja. Usitumie viwango vya mwaka uliopita. Ongeza na yale ya sheria ambayo watu husahau: siku 21 za likizo ya mwaka yenye malipo, miezi mitatu ya uzazi kwa mama, wiki mbili kwa baba. Kama utahitaji mtu wa kushikilia nafasi, hiyo nayo ni pesa ya mishahara.

Pili, jua soko linalipa ngapi

Sakafu imewekwa na serikali. Kuanzia Novemba 2024 kima cha chini kilipandishwa kwa asilimia 6, na kibarua wa kawaida katika jiji kama Mombasa akafikia shilingi 16,113.75 kwa mwezi, marupurupu ya nyumba yakiwa kando. Tazama tangazo la karibuni zaidi kabla hujapanga. Lakini hiyo ni sakafu ya sheria, chini ya hapo unavunja sheria. Haikuambii karani mwenye cheti anatafutwa kwa bei gani.

Mwenye biashara ndogo hana haja ya kununua utafiti wa mishahara. Habari anazo mlangoni.

Wanaoondoka ndio wa kwanza. Mtu akileta barua, muulize kwa heshima anakwenda kwa kiasi gani, na andika. Wa pili ni wanaokataa kazi yako. Ukitangaza nafasi na watu watatu wazuri wakakataa kwa sababu ya mshahara, soko limeshakujibu. Tatu, matangazo ya kazi yanayotaja mshahara. Nne, mikataba ya pamoja. Chama cha wafanyikazi wa mahoteli, KUDHEIHA, hujadiliana na chama cha wenye mahoteli, na Chama cha Wafanyikazi wa Bandari hujadiliana na Mamlaka ya Bandari. Hata kama wewe si mwanachama wa upande wowote, wafanyikazi wako wana ndugu na majirani walio ndani ya mikataba hiyo, na kila nyongeza ya huko huzungumzwa barazani jioni ile ile.

Linganisha kazi, usilinganishe cheo. "Meneja" wa mahali pamoja ndiye "msimamizi" wa mahali pengine. Na linganisha jumla yote: anayelipa 48,000 na chakula cha mchana na basi la kazini huenda akawa mbele ya anayelipa 50,000 kavu.

Kisha pana bei za vitu. Ofisi ya Takwimu, KNBS, hutangaza mfumuko wa bei kila mwezi. Wastani wa 2023 ulikuwa asilimia 7.7, wa 2024 asilimia 4.5. Aliyeongezwa asilimia 5 mwaka 2023 alirudi nyuma, ingawa barua yake ilisema ameongezwa.

Tatu, usigawe kama biriani ya harusi

Hapa ndipo tulipokosea. Asilimia moja kwa wote inaonekana ni haki, na haina maneno. Lakini soko halipandi sawa kwa wote. Mwaka mmoja wanatafutwa makarani wa forodha, mwaka mwingine wapishi au mafundi wa majokofu. Ukitoa sawa kwa wote, unampa ziada asiyetafutwa na unampunja anayetafutwa, na wa pili ndiye atakayeondoka.

Nitatoa mfano wa kubuni. Kampuni ya kutoa mizigo ina watu 10: makarani wakuu wawili wa 70,000, makarani wanne wa 50,000, mhasibu wa 65,000, mpokezi wa 35,000, na matarishi wawili wa 30,000. Jumla ni 500,000 kwa mwezi. Pamoja na NSSF, ushuru wa nyumba na NITA, gharama halisi ni 538,000, yaani 6,456,000 kwa mwaka. Mwenye kampuni anayefikiria milioni sita kamili amekosea kwa shilingi 456,000 kabla mwaka haujaanza.

Tuseme ameona anaweza kutoa nyongeza ya asilimia 6, yaani 30,000 kwa mwezi. Kwa njia ya zamani kila karani anapata 3,000 na kufika 53,000. Lakini katika kuulizia amegundua makarani wa namna hiyo wanapata 55,000 hadi 58,000 kwingine, ilhali makarani wakuu na mhasibu wake tayari wako juu ya soko.

Kwa pesa zile zile anaweza kufanya hivi:

- Makarani wanne: 4,500 kila mmoja, jumla 18,000
- Makarani wakuu wawili: 2,000 kila mmoja, jumla 4,000
- Mhasibu: 2,000
- Mpokezi: 1,500
- Matarishi wawili: 1,500 kila mmoja, jumla 3,000

Jumla ni 28,500. Makarani wamefika 54,500, karibu na soko. Matarishi wamepata asilimia 5, kwa sababu mtu wa mshahara mdogo ndiye anayeumizwa zaidi na bei ya unga. Na zimebaki 1,500 kwa mwezi za kuweka akiba.

Nyongeza ile ya 4,500 inamgharimu mwenye kampuni 58,050 kwa mwaka kwa kila karani. Karani mmoja akiondoka, na mpya akaja kwa 58,000, tofauti ni 103,200 kwa mwaka, bila wiki za nafasi wazi na makosa ya mgeni. Kumweka unaye ni rahisi kuliko kumtafuta usiyenaye.

Njia hii ina machungu yake, na sitayaficha. Mhasibu atauliza kwa nini yeye asilimia 3 na karani 9. Lazima uwe na jibu, na jibu liwe la kazi na soko. Lisiwe la ujamaa wala kujuana. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Ukiwaongeza makarani watatu na kumwacha wa nne kwa sababu ni mwanamke, au kwa sababu hatoki kwenu, umevunja sheria na umevunja nyumba yako.

Nne, weka akiba ya katikati ya mwaka

Yule kijana wetu aliomba Novemba. Hata kama Mzee angetaka kumpa, bajeti haikuwa na mahali pa kuzitoa. Kila ombi la katikati ya mwaka lilikuwa linapingana na kodi ya ofisi au petroli.

Weka fungu dogo, hata asilimia moja ya mishahara yote, la mambo matatu: mtu mzuri aliyepata barua ya kazi kwingine, mtu aliyepata cheti au kupandishwa kazi, na mabadiliko ya sheria. Kwa kampuni ya mfano wetu asilimia moja ni 5,000 kwa mwezi, 60,000 kwa mwaka. Mwaka ukiisha bila kuguswa, ligawe kama bonasi.

Na hapo pana tofauti ya kuzingatia. Nyongeza ya mshahara ni ya kudumu, huwezi kuirudisha mwaka mbaya ukija. Bonasi ni ya mwaka ule. Kwa hoteli inayojaa Agosti na Desemba kisha ikalala Aprili hadi Juni, ni salama kuweka mshahara wa msingi unaoweza kulipika Mei, kisha kutoa bonasi baada ya msimu mzuri. Lakini kanuni yake iandikwe kabla ya msimu kuanza. Bonasi inayotegemea siku hiyo bosi ameamkaje haimzuii mtu kuondoka.

Vitu vingine vyenye thamani kuliko bei yake

Chakula cha mchana kinachotolewa na mwajiri kazini, hadi thamani ya shilingi 5,000 kwa mwezi, hakihesabiwi kodi ya mapato kwa mfanyikazi. Ukimpa 5,000 hizo kama pesa taslimu, zinakatwa. Mama wa chakula anayepika kwa ajili ya ofisi nzima huenda akawa nyongeza bora kuliko asilimia mbili za mshahara.

Ada ya masomo ya cheti kinachohitajika kazini nayo ina uzito, mradi pawe na maandishi: ukipata cheti, mshahara wako utapanda hadi kiasi fulani mwezi fulani. Sisi tulimlipia kijana masomo, tukaacha mshahara wake pale pale. Tulimwongezea thamani sokoni, kisha tukashangaa soko lilipomnunua.

Na kuna kitu kisichogharimu hata shilingi: kulipa siku ile ile kila mwezi. Biashara nyingi zetu hulipa tarehe 28 mwezi huu, tarehe 6 mwezi ujao, nusu na nusu karibu na Idd. Mtu mwenye kodi ya nyumba na watoto shuleni atakubali pungufu kidogo kwa mwajiri anayelipa kwa wakati. Ukumbuke pia kwamba kodi na makato ya mwezi hutakiwa kufika serikalini kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Mwajiri anayekata na kutopeleka anaiba mara mbili, kwa mfanyikazi na kwa serikali, na adhabu itamla.

Kalenda ya kuanzia

Kama mwaka wako wa hesabu unaanza Januari, usisubiri Januari. Septemba, orodhesha watu na gharama halisi. Oktoba, ulizia soko, na jiulize kuhusu kila mtu: akiondoka kesho, itanichukua muda gani na pesa ngapi kumpata mwingine? Novemba, gawa nyongeza na utenge akiba. Desemba, mwite kila mtu umweleze mshahara wake mpya na sababu zake, umwonyeshe na makato, ili asije akadhani umempunja.

Mazungumzo haya ndiyo tunayoyaogopa zaidi. Tunaogopa kwamba tukifungua mdomo juu ya mshahara, kila mtu ataomba. Ukweli ni kwamba wanaomba tayari, ila wanaomba kwingine.

Kijana wetu nilikutana naye baadaye karibu na Shimanzi. Ana watu wanne chini yake sasa. Nikamuuliza kama angebaki, siku ile ya Novemba, tungempa zile elfu sita. Akacheka. "Ami," akasema, "hata elfu tatu, mngeniambia tu zilizobaki nitazipata lini."